Nilipoishiwa na W

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nitamsaidia. Mimi ndiye Bakiri, yule mjinga wa Tanga. Nilikuwa nauza makava ya simu kule Berea, biashara inanilisha, nikaiacha nikaenda kununua mashine ya kuchapia yenye umri wa babu yangu. Nikajipa na cheo kabisa: mpiga chapa wa kwanza wa Kiswahili Jeppestown, hapa Johannesburg. Hakuna aliyenibishia, maana hakuna mwingine aliyekitaka.

Pesa nilikopa kwa Ameir, Mzanzibari mwenye duka la mablanketi Bellevue. Rehani ni mashine yenyewe. Mliniacha Jumatatu, Ameir kasimama mlangoni kwangu ananihesabia siku kwa vidole.

"Yakhe, randi elfu sita zilizobaki nazitaka Ijumaa saa sita mchana. Ikipita dakika moja naja na bakkie, pikapu yangu, naipakia hii, naipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

"Ameir, hii si chuma chakavu. Huu ni mtambo."

"Kule wanapima kilo, bwana. Hawaulizi cheo."

Akaondoka. Nikabaki nimekaa na mtambo wangu, tunatazamana.

Sasa sikilizeni bahati yangu, na mkiniona nasema bahati mjue nakereka. Ilikuwa Machi 2019, ule mwezi wa mgao wa umeme. Maduka yote ya kompyuta yalikuwa gizani. Mashine yangu inakanyagwa kwa mguu kama cherehani, haina habari na umeme. Kwa hiyo Jumatatu ileile mchana, nani anaingia? Mchungaji Firmin.

Mchungaji Firmin ni Mkongomani wa Bukavu, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa kuliko maisha yangu. Ana kanisa kwenye ghala la zamani mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mkewe alishafariki.

"Ndugu Bakiri, kanisa iko natimiza miaka kumi. Niko nahitaji kadi mia tatu. Na Kiswahili ya kitabu, hapana hii yetu ya njiani."

"Umefika penyewe, mchungaji. Sisi watu wa Tanga hata kukoroma tunakoroma kwa Kiswahili sanifu."

"Bei?"

"Elfu sita," nikasema, bila haya wala kupepesa macho. Kazi ile ni elfu tatu, tena kwa mtu usiyempenda.

Hakubishana. Mkongomani wa Bukavu, hakubishana bei! Pale pale ningejua kuna jambo. Lakini mimi nilikuwa nishaiona mashine yangu imesalimika.

Akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. "Usibadilishe hata neno moja. Hata moja, ndugu yangu. Maneno haya nimeyaombea. Pesa utapata Ijumaa asubuhi."

Nikaichomeka karatasi kwenye msumari wangu wa ukutani, mahali ninapotundika kazi zote. Ilisema hivi: "Mchungaji Firmin pamoja na mkwe wake Murielle wanawakaribisha waumini wote, wageni wao na watumishi wa Bwana. Watoto waje wakiongozana na wazazi wao." Chini yake Jumapili, saa tatu asubuhi, kanisani.

Murielle tunamjua wote. Ni mjane wa Hénock, mtoto wa pekee wa mchungaji. Hénock alikuwa mlinzi wa ghala, akaangukiwa na shehena, sasa mwaka wa nne. Murielle akabaki nyumbani kwa baba mkwe, Bellevue. Anasuka nywele saluni moja Berea, Jumapili anaongoza kwaya. Mkwe wa mfano, kila mtu anasema.

Nikaanza kupanga herufi.

Hapa lazima niwaeleze kitu, na asiyependa ufundi avumilie kidogo, mimi nimevumilia mwaka mzima. Herufi zangu ni za risasi, unazipanga moja moja kwa mkono. Mzee wa Kizungu aliyeniuzia alikuwa anachapa Kiingereza maisha yake yote. Kwa hiyo e ninazo za kujengea ukuta. T ninazo hadi nazuilia mlango usifungwe na upepo. Lakini Kiswahili kinataka a, kinataka k, na kinataka w kwa fujo. Wa, wao, wake, wote! Sijui babu zetu waliona nini kwenye hii w.

Nikahesabu w ndogo kwenye ile kadi. Kumi na tano.

Nikahesabu zilizo kwenye sanduku. Kumi na nne.

Nikahesabu tena, kama vile mtu anavyochungulia mfuko mtupu mara ya pili. Kumi na nne. Moja ilikuwa imevunjika mguu, lakini nayo niliihesabu.

Herufi za namna hiyo hazitengenezwi tena hapa. Nikampigia simu kila mpiga chapa mzee niliyemjua, nyingine nikipiga huku nimesimama foleni ya spaza, kiduka cha mtaani. "Nimeishiwa na risasi, mzee. Moja tu itanitosha, naihitaji leo." Dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa mbele yangu akauacha mkate wake kaunta akaenda zake. Eish. Nikasonga mbele kwenye foleni, hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata.

Nikajaribu kugeuza m juu chini. Ikatoka kitu kama uma wa kulia wali. Isitoshe m zenyewe zilikuwa zinaisha.

Sasa naungama. Hili hata mke wangu sijamwambia, nalisema kwenu kwa sababu nyinyi mtalisambaza vizuri zaidi.

Nilianza kutafuta neno ambalo linaweza kuishi bila w. Nikitoa kwenye "wageni" inabaki "ageni". Kwenye "wote" inabaki "ote". Kwenye "Bwana" wangenifuata na mawe. Nikashuka neno kwa neno na kibanio changu mkononi, mpaka nikafika kwenye "mkwe".

Nikachomoa. Ikabaki "mke".

Jamani, nilifurahi! Neno zima, limekaa sawa, halina pengo, halina kidonda. Nikaisogeza k ikakutana na e, nikaipeleka w yangu kwenye "wazazi wao" kule chini, mstari ukanyooka. Fundi akishakaa na herufi tangu asubuhi hasomi tena maana, anatazama mstari. Na mstari ulikuwa mzuri. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu.

Jumatano asubuhi nikaanza kukanyaga. Ameir naye akaja na kiti chake cha plastiki akakaa, anailinda rehani yake isitoroke.

Kadi ya kwanza, ya kumi, ya thelathini. Kwenye ya hamsini nikaiinua kutazama wino, na safari hii, sijui kwa nini, nikasoma.

"Mchungaji Firmin pamoja na mke wake Murielle."

Mguu ukasimama.

"Mbona umeacha?" Ameir akauliza.

"Nanyoosha goti."

"Goti utanyoosha Ijumaa, yakhe. Kanyaga."

Ningeweza kusema. Ningemwambia, Ameir, nimemwozesha mchungaji kwa mke wa mwanawe, nisubiri nitafute w. Lakini w ningeitoa wapi? Na Ameir kakaa, anafyonza karafuu, anaangalia saa. Nikajiambia, hawa Wakongomani nani kati yao atajua? Wao wenyewe huandika wanavyojisikia. Sisi wa Tanga ndio wenye macho ya w. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, mimi mwenye macho, nikakanyaga kadi nyingine mia mbili na hamsini.

Alhamisi mchungaji akalichukua boksi. Hakufungua. Akalibusu, akasema Mungu akubariki, kesho pesa, akaenda. Kufika saa tano kadi zilikuwa zishagawiwa kwenye masaluni yote ya Berea na Yeoville.

Saa tisa simu ikalia. Ni mke wangu, Mwatumu, kanitumia picha ya kadi. Chini kaandika: "Kumbe mchungaji kaoa! Mpe hongera."

Sijajibu, ikaja nyingine: "Kamwoa MKWEWE???"

Kisha: "Bakiri. Hii karatasi nene si ya kwako?"

Nilizima simu. Basi mkijiuliza kwa nini wengine wenu mlinikosa siku ile, ndiyo sababu.

Ijumaa nilifungua mapema nikakaa nikisubiri kupigwa. Saa tano mlango ukafunguliwa. Hakuwa mchungaji. Alikuwa Murielle, kitenge cha bluu, macho yamevimba, kadi mkononi.

"Kaka Bakiri. Ni weye ulichapa hii?"

"Dada, nisamehe. Nisamehe sana. Herufi ziliniishia, nilikuwa—"

"Hapana kuomba samahani." Akavuta kiti cha Ameir, akakaa. "Mimi nilikuwa mu saluni, niko nasuka kichwa ya mutu. Banaleta kadi. Nikasoma. Nikalia pale pale, kaka, na kichwa ya mutu iko mukononi. Nikasema, Mungu wangu, amefanya. Amesema mbele ya batu."

Nikamtazama. Ubongo wangu na wenyewe ulikuwa kwenye mgao.

"Amesema nini, dada?"

"Ile iliyoandikwa."

Nikatafuta pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja.

"Miaka mbili," akasema Murielle. "Alituma mahari kwa mujomba wangu, Bukavu. Mahari ya kweli, yote. Mujomba alikubali, akatuombea mu telefoni. Mimi ni bibi yake, kaka. Mu nyumba niko bibi. Mu kanisa niko mukwe. Kila siku ananiambia ngoja, ngoja kanisa isimame, ngoja miaka kumi ifike. Nimengoja."

"Na jana?"

"Jana akarudi nyumba. Mimi nimepika, nimevaa vizuri, niko nacheka peke yangu. Akaingia akasema, usiogope, Murielle, nitarekebisha, ni kosa ya chapa." Akainyanyua ile kadi. "Kosa ya chapa! Basi mimi niko kosa ya chapa, kaka?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, si ya kutania. Nilichapa maisha ya mtu kadi mia tatu na sikuwa nimefikiria kingine ila mstari ulionyooka.

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Karatasi iko wapi? Ile aliandika na mukono."

Nikaenda kwenye msumari. Nikaishusha, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kwa utulivu, si kwa kuhesabu herufi.

Maneno yote yalikuwa ya wino mweusi. Yote, isipokuwa herufi moja. Kati ya k na e, juu kidogo, na kamshale kadogo chini yake, mtu aliichomeka w. Ilikuwa ya kijani.

Jumatatu niliiona, nikadhani mtu kasahau w akairudishia, kama wanavyosahau wote. Nikaendelea kujisifia Tanga yangu.

"Hii nyeusi aliandika kwa meza yetu, Jumapili jioni," Murielle akasema, kidole juu ya neno. "Nilisimama nyuma yake. Niliona na macho yangu: mke. Akanigeukia, akacheka. Nikafikiri sasa ngoja imeisha." Kidole kikahamia kwenye w. "Na hii kijani, ni kalamu yake ya ofisi ya kanisa. Alipita kule kwanza, ndiyo akakuja kwako."

Yaani mnaelewa? Mchungaji mwenyewe aliandika "mke". Kisha akafika ofisini, akaogopa, akaongeza w. Na mimi, bila kujua hili wala lile, nikaitoa ile ile. Kwenye kadi yenye w kumi na tano nilikwenda kung'oa ya uongo peke yake. Ningekuwa na akili hivyo kwa makusudi nisingekuwa na deni.

"Atakuja kuchukua karatasi hii," Murielle akasema. "Niko nakuomba kitu moja tu. Usimupe."

Kabla sijasema ndiyo wala hapana, tukasikia bakkie inarudi kinyumenyume mlangoni.

Ni Ameir, na vijeba wawili wenye spana. Saa tano na nusu.

"Bado nusu saa!" nikapiga kelele.

"Najua, yakhe. Wanalegeza tu nati. Kulegeza si kuchukua." Akamwona Murielle kwenye kiti chake. Kuna picha ya kadi kwenye simu ya kila mtu Johannesburg, na Ameir ana simu tatu. Akamwamkia kwa adabu kubwa, akasimama.

Spana zikaanza kulia chini ya mashine. Kila nati ikizunguka, naisikia kwenye meno.

Saa sita kasoro dakika kumi mchungaji akaingia, peke yake, suti ileile. Alipomwona Murielle akasita, kisha akafanya kama hakumwona, ufundi ambao naona ameufanyia mazoezi miaka miwili. Akaweka bahasha nene juu ya meza yangu. Juu ya bahasha akaweka karatasi.

"Ndugu Bakiri, sikukasirika. Mutu anakosea. Elfu sita iko yote hapa. Utasaini hii, kwamba kosa ni yako. Jumapili utakuja kusema mbele ya kanisa, dakika mbili, sharp. Na ile karatasi yangu ya mwanzo utanirudishia. Basi."

"Hiyo ndo kazi!" Ameir akadakia, anaipima bahasha kwa macho. "Saini, bwana. Kosa si lako kweli?"

Hapo ndipo pabaya, wasomaji wangu. Kosa lilikuwa langu kweli. W ilikuwapo kwenye karatasi, mimi nikaing'oa kwa mkono wangu, nikaona, nikaendelea. Mtu ananilipa elfu sita niseme ukweli. Ni lini mara ya mwisho mlisikia jambo hilo hapa mjini?

"Ile karatasi iko na wewe, mukononi," mchungaji akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

Kweli, ilikuwa mkononi mwangu.

Murielle akasimama. Hakunitazama mimi wala Ameir, alimtazama mchungaji. "Kaka Bakiri asome kwanza," akasema. "Kama ni kosa ya chapa, aisome hapa, vile uliandika. Halafu umulipe."

"Murielle, twende nyumba."

"Nyumba gani? Ya mukwe ao ya bibi?"

Vijeba wakaacha spana. Hata wao, Wazulu wa hosteli ya jirani wasiojua neno, walijua mahali hapa si pa kulegezea nati. Jasho lilikuwa linamtoka mchungaji, na kwa mara ya kwanza nikamwona si mchungaji, mzee tu anayewaogopa wazee wenzake wa kanisa.

"Soma, ndugu yangu," akasema mwisho, polepole, macho kwenye bahasha. "Soma vile unaona iko."

Vile naona iko! Nyeusi inasema moja, kijani inasema lingine, na yote mawili kayaandika yeye. Nikiisoma kijani, mashine ni yangu. Nikiisoma nyeusi, saa sita inapakiwa.

Ameir akatazama saa. "Dakika nne, Bakiri."

Nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa mlango. Nikakohoa.

"Mchungaji Firmin," nikasoma, "pamoja na..."

Nikakwama.

"Endelea, kaka," Murielle akasema. "Neno inayofuata ni mimi."